Miaka miwili na piano ya umeme: pedali iliyokimbia na kitufe nilichokidharau

Pedali ilikimbia katikati ya ubeti wa pili. Sisemi kwa mafumbo. Nilikanyaga, ikateleza sakafuni kama kipande cha sabuni, nikaifuata kwa ncha ya mguu mpaka nikawa nimekaa upande kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni, huku mikono ikiendelea kupiga na watu sita wakiendelea kuimba. Wimbo tuliumaliza. Ila nilijiapia kwamba siku nikiandika kuhusu piano hii nitaanza na pedali, maana tangazo halitakuambia habari zake.

Sasa nimekaa nayo miaka miwili na ushee. Naona muda umefika.

Ni piano ya umeme ya aina ya ubao: haina kabati wala miguu yake, unailaza juu ya stendi. Ina vibonye 88 kamili, vyeupe 52 na vyeusi 36, uzito wa kilo 12, spika mbili za wati 8 kila moja, adapta, kishikio cha karatasi za nota, na hiyo pedali ya mguu ya kurefusha sauti. Jina la kampuni nimeliacha makusudi. Piano za daraja hili zinafanana kama mapacha, na mengi niliyoyaona kwenye yangu utayakuta kwenye nyingine yenye nembo tofauti.

Na mimi ni nani hata nihukumu? Ni mpigaji wa kusindikiza. Sijawahi kupiga peke yangu jukwaani na sina mpango huo. Kazi yangu ni kukaa chini ya sauti ya mtu mwingine nimbebe: mama yangu, dada yangu, kikundi chetu cha waimbaji sita tunaokutana kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo tathmini hii imeegemea upande mmoja. Ukitaka piano ya kufanyia mazoezi usiku wa manane na hedifoni masikioni, wameshaandika wengi. Mimi naipima kwa jambo moja tu: watu wakija kuimba, inasaidia au inasumbua?

Tuanze na mguso, maana piano ilipata jina lake kutokana na mguso. Bartolomeo Cristofori, fundi aliyekuwa akitunza vinanda vya ukoo wa Medici huko Florence, aliibuni karibu mwaka 1700. Kinanda kikubwa cha nyuzi cha wakati ule kilikuwa na kasoro moja: ugonge kwa hasira au uguse kwa huruma, uzi ulikwanyuliwa vilevile na sauti ikatoka ileile. Cristofori akaondoa kikwanyuo, akaweka nyundo. Sauti sasa ikawa inafuata mkono, na chombo kikaelezwa kwa Kiitaliano kuwa ni kinanda chenye piano na forte, yaani chenye sauti ya upole na sauti ya nguvu. Sisi tumebaki na nusu ya jina, ile ya upole. Jirani yangu anadhani tulibakiza nusu isiyo ya kweli.

Basi swali la kwanza kwa piano yoyote ni hili: nikipunguza mkono, nayo inapunguza? Hii inapunguza, na inapunguza vizuri. Nyuma ya kila kibonye kuna nyundo ndogo ya kuleta uzito, na vibonye vya kushoto ni vizito kuliko vya kulia, kama ilivyo kwenye piano ya nyuzi ambako nyundo za bezi ni kubwa zaidi. Nyundo hii haina uzi wa kugonga. Kuna vihisio vinavyopima kibonye kimeshuka kwa kasi gani, na kasi hiyo inageuzwa kuwa namba. Lugha ya namba hizo ni MIDI, iliyotoka mwaka 1983, na kwayo mguso unahesabiwa kuanzia 1, hafifu kabisa, hadi 127.

Nilitaka kujua kama vidole vyangu vinastahili ngazi zote hizo. Nikaunganisha piano na kompyuta, nikapiga nota moja mara ishirini, kila mara nikikusudia kuwa laini kidogo kuliko mara iliyotangulia. Kisha nikasoma namba zenyewe: 64, 61, 66, 52, 58, na kuendelea hivyo hivyo. Nilidhani nashuka ngazi, kumbe nayumba kama mlevi. Nimelifanya zoezi hilo dakika tano kila siku tangu hapo, na sasa nashuka bila kuyumba hadi kama ngazi kumi na mbili hivi. Kwa mpigaji wa kusindikiza hiyo ni mali. Mwimbaji anapoingia kwa sauti ndogo unatakiwa uwe chini yake tayari. Ukishuka baada ya yeye kuingia, umechelewa, na wasikilizaji wamesikia vidole vyako badala ya neno lake la kwanza.

Mguso unafeli kwenye jambo moja: kurudia nota ileile harakaharaka. Mwaka 1821 ilitolewa hataza ya mtambo wa fundi wa piano Sébastien Érard, unaoruhusu nyundo ipige tena kabla kibonye hakijapanda hadi juu, na piano kubwa za leo bado zinafuata wazo hilo. Yangu ina vihisio viwili tu kwa kila kibonye, kwa hiyo inataka kibonye kirudi karibu juu kabisa ndipo ikubali pigo jingine. Nota zinamezwa. Kuna nyimbo mbili za kikundi chetu zenye mapigo ya haraka ya nota moja kwenye mkono wa kulia, na zote nimezibadilisha ili nipokezane nota hizo na mkono wa kushoto. Ukiweza kupata yenye vihisio vitatu, chukua hiyo.

Halafu kuna kelele za vibonye vyenyewe. Ukivaa hedifoni, wewe unasikia muziki, waliomo chumbani wanasikia tok-tok-tok. Dada yangu anasema nasikika kama mtu anayechapa barua ya hasira.

Spika sasa. Aliyezipanga spika hizi sidhani kama aliwahi kumsindikiza mtu. Zimewekwa kwa nyuma, zikitazama chini. Ukiegemeza piano ukutani sauti inagonga ukuta inakurudia, na unaridhika kabisa. Lakini ukutani maana yake unawapa waimbaji mgongo. Mwimbaji anataka kuona kichwa chako kikiinuka kabla ya pigo la kwanza, na wewe unataka kuona mabega yake, kwa sababu mabega ndiyo yanayokuambia anavuta pumzi kiasi gani na kifungu kijacho kitakuwa kirefu au kifupi. Kwa hiyo wiki ya kwanza nikaigeuza, nikaiweka katikati ya chumba tutazamane. Wao wakanisikia vizuri. Mimi sikujisikia. Spika zilikuwa zinawatazama wao, na mimi niliyekaa nyuma yake nikawa nasikia mngurumo tu kama wa redio ya chumba cha pili. Nikazidisha nguvu za mikono ili nijisikie, wakazidisha sauti ili wanishinde, na wimbo wa kubembeleza ukaisha kama wa kandanda.

Inasimuliwa kwamba Franz Liszt, mpiga piano maarufu wa karne ya 19, ni mmoja wa walioieneza desturi ya kuiweka piano kwa ubavu, ili mfuniko ulioinuliwa uelekeze sauti kwa wasikilizaji na wao waone uso wake. Mimi sina mfuniko, na uso wangu haujawahi kuuza tiketi. Nilichofanya ni kutafuta spika moja ndogo ya pembeni, nikaiunganisha na kuiweka juu ya kiti nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto, ikitazama mbele. Sasa tunasikia kitu kimoja, mimi na wao. Angalia jambo moja kabla hujanunua: piano iwe na tundu lake la kutolea sauti, mbali na tundu la hedifoni. Yangu haina. Ukichomeka waya kwenye tundu la hedifoni, spika za ndani zinazimika zote. Si mwisho wa dunia, lakini ni ubahili usio na sababu.

Kwa wati 8 mara mbili pekee, piano inatosha kumbeba mwimbaji mmoja, na wawili kwa shida. Sita wanaifunika.

Kuhusu pedali, nimeshasema ilikimbia, lakini hilo lilikuwa kosa lake dogo. Kosa kubwa ni kwamba ni swichi. Inajua mambo mawili: imekanyagwa, haijakanyagwa. Kwenye piano ya nyuzi, mguu unaweza kuinua vizimisho, vile vinavyolala juu ya nyuzi kuzinyamazisha, nusu tu, sauti ikabaki kama ukungu mwepesi, maneno ya mwimbaji yakapita katikati yake. Kwa swichi hakuna ukungu. Kuna mvua au jua. Bahati nzuri piano yenyewe inaelewa nusu ya kukanyaga, ni pedali iliyokuja nayo ndiyo isiyoelewa. Niliibadilisha nikiwa na mwezi wa tatu na piano hii, kwa pedali ya chuma, nzito, yenye mpira chini. Haijahama hata kidole kimoja, na mguu wangu ukaanza kujifunza mambo ambayo haukuwahi kuyajua. Ile ya zamani imebaki kama kizuizi cha mlango, na hapo inafanya kazi nzuri.

Sauti. Sauti kuu ya piano ni nzuri, hasa katikati, kuanzia C ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya ubao, na oktavu moja (vibonye vyeupe saba hadi C inayofuata) kwenda kila upande. Huko ndiko sauti za watu zinakoishi, kwa hiyo huko ndiko mimi ninakoishi. Nota za chini kabisa zina ubapa fulani, kama ngoma iliyolowa. A ya mwisho kushoto inatetemeka mara 27.5 kwa sekunde, na spika ya saizi ya kiganja haiwezi kuitoa nota hiyo yenyewe. Unachosikia ni sauti zake ndogo za juu zinazoambatana nayo, na sikio lako ndilo linalomalizia. Kwa hedifoni nzuri inarudi. Kuna sauti nyingine mia kadhaa humo ndani: matarumbeta, filimbi, ndege, hata kitu kinachoitwa makofi. Nimetumia ogani ya kanisani na ile piano ya umeme ya mtindo wa zamani. Midundo ya kujipiga yenyewe niliijaribu jioni moja, nikaizima, hatujaonana tena.

Faida ambayo sikuitarajia ni uaminifu wa sauti. Piano ya nyuzi ina nyuzi kama 230, zimevutwa kwa nguvu ya jumla ya tani 18 hadi 20, na mbao zake zinapumua hali ya hewa ikibadilika. Inahitaji fundi wa kuilinganisha kila mwaka, na bora mara mbili. Yangu A yake ya juu ya C ya kati ni mitetemo 440 kwa sekunde leo, ilikuwa 440 juzi, na itakuwa 440 siku nikiikuta imejaa vumbi. Hapo ndipo ilipotuumbua. Tuna wimbo mmoja ambao beti mbili za katikati tunaziimba bila chombo, halafu piano inaingia kwenye kiitikio cha mwisho. Mara ya kwanza kuufanya na piano hii niliingia kwa kodi ya do, yaani nota kadhaa kwa pigo moja, na chumba kizima kikakunja uso. Nilidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea: sisi ndio tulioshuka karibu nusu toni nzima, umbali wa kibonye kimoja hadi jirani yake, ndani ya beti mbili, wote kwa pamoja, kwa upendo mkubwa, bila mtu kugundua. Kinanda changu cha zamani kilikuwa na matatizo yake mwenyewe, kwa hiyo lawama yote tulikuwa tunaitupia kwake. Tulifanya mazoezi ya ubeti huo miezi miwili. Siku hizi tunashuka kidogo sana, na siku tukifika sawasawa utamwona mwenzetu wa bezi anainua kidole gumba kabla hata wimbo haujaisha.

Sasa mikono minne. Kama una mtoto nyumbani, au mtu yeyote anayejifunza, jambo hili pekee linatosha kununua piano yenye vibonye vyote 88 badala ya ile ya 61. Mpwa wangu ana miaka tisa. Tunakaa benchi moja, yeye anashika upande wa juu, mimi upande wa chini na pedali. Kabla ya kuwepo kwa santuri, hivi ndivyo watu wengi wa Ulaya walivyozijua simfoni, ule muziki mrefu wa okestra: zilichapishwa kwa mikono minne, watu wawili wakaketi nyumbani wakazipiga. Sisi hatujafika kwenye simfoni. Tuna vipande vifupi vya kurasa mbilimbili, na ugomvi mkubwa uko kwenye mpaka, pale karibu na C ya kati ambapo mkono wangu wa kulia na mkono wake wa kushoto vinagombania kibonye kimoja.

"Mjomba, kidole chako kimekaa nyumbani kwangu."

"Nyumba yako inaanzia wapi?"

"Kila ninapoweka mkono."

Amenifundisha kuondoka mapema. Nikiwa napiga peke yangu nina tabia ya kukalia nota, kuilalia mpaka pumzi yake ya mwisho. Ukiwa na mwenzako kwenye benchi huwezi; anakihitaji hicho kibonye robo ya pigo baadaye, na asipokipata atakupiga kumbo. Tabia hiyo nimeihamishia kwenye kusindikiza na nimeambiwa nimekuwa mwepesi. Hakuna aliyejua mwalimu ni nani.

Piano hii inaweza kushikilia sauti 128 kwa mara moja. Mtu ana vidole kumi, utauliza 128 za nini. Kanyaga pedali, kila nota uliyoiacha bado inalia, na nyingine zinatumia nafasi mbili, moja kwa sikio la kulia na moja kwa la kushoto. Watu wawili wakipiga kwa vurugu nafasi zinajaa, na nota za zamani zinakatwa kimyakimya kuzipisha mpya. Nimelisikia hilo mara moja tu, na kosa lilikuwa la mguu wangu: sikuwa nimeuinua tangu ukurasa wa kwanza.

Kurekodi ni kwa kitufe kimoja, na hapo sina lawama. Ni kifaa cha kukutoa kiburi. Niliamini napiga kwa mwendo ulionyooka. Rekodi ikanionyesha nakimbia sehemu rahisi na kutambaa sehemu ngumu, kinyume kabisa na mwimbaji, ambaye kwenye sehemu ngumu ndipo anapotaka umpe njia asonge.

Kaka yangu anaishi mbali, anaimba bezi. Tulijaribu kuimba pamoja kwa simu ya video, mimi kwenye piano hapa na yeye kule. Usijaribu. Sauti ikichelewa kidogo tu njiani, mimi namsubiri yeye, yeye ananisubiri mimi, na wimbo unazidi kupunguza mwendo mpaka unasimama kabisa kama gari lililoishiwa mafuta. Sasa tunafanya hivi: narekodi usindikizaji peke yake, naacha mapigo manne ya kuhesabu mwanzoni, namtumia. Yeye anausikiliza kwa sikio moja na kuimba kwa simu nyingine, ananirudishia, nami naviunganisha. Tumeshatengeneza nyimbo kumi na moja hivyo. Kwenye ule wa nne unasikia mbwa wake akibweka kwenye kituo, sawia kabisa na pigo. Tumemwacha.

Malalamiko yangu makubwa ni haya. Mwezi wa kumi na nne, kibonye cha E juu kidogo ya C ya kati kilianza kugonga. Si sauti ya spika, ni kelele ya plastiki, kak, kila nikikigusa, na hiyo E ipo karibu kwenye kila wimbo tunaoimba. Nikawaandikia watengenezaji. Walinijibu mara tatu kwa barua ileile, wakiniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Mara ya tatu nikawatumia rekodi ya piano ikiwa imezimwa kabisa, kibonye kikigonga gizani: kak, kak, kak. Hapo kimya. Mwishowe fundi wa vyombo vya umeme aliifungua akakuta kitambaa cha sufu kinachopokea vibonye kwa chini kimelika mahali pale, akabandika kingine. Kazi ya nusu saa. Tangu hapo hakijagonga, lakini sasa F ya jirani yake imeanza kujikohoza. Ukipiga mara nyingi kama mimi, jua kwamba vitambaa hivyo ndivyo vitakavyochoka kwanza.

Na inajizima. Usipoigusa dakika thelathini, inalala yenyewe bila kuaga. Kuna namna ya kulizuia hilo: unashikilia kitufe fulani wakati wa kuiwasha. Mimi nilikuja kuijua namna hiyo baada ya kuumbuka, na huko ndiko ninakoelekea.

Piano hii ina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Unabonyeza, chombo kizima kinapanda au kushuka kwa nusu toni, hadi sita kila upande, na wewe unaendelea kupiga vibonye vilevile. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akikiita kitufe cha wavivu. Mpigaji halisi, alisema, anahamisha kwa kichwa. Nikabeba neno hilo miaka mingi, na nikiri kwamba lina ukweli. Kitufe hicho kinadanganya macho. Siku moja alikuja rafiki na filimbi yake, akaniuliza do ni ipi, nikajibu kwa kujiamini do ni G. Vidole vyangu vilikuwa G. Piano ilikuwa imepandishwa nusu toni mbili tangu wimbo uliotangulia, ikawa inatoa A. Alipuliza nota tatu, akaitoa filimbi mdomoni, akaikagua kwa ndani kama iliyoingiwa na mdudu.

Lakini mama yangu ana miaka 71. Kuna wimbo mmoja aliokuwa akiuimba tangu mimi mdogo, na nota yake ya juu kabisa inakuja mwishoni, inashikiliwa mapigo sita. Miaka minane iliyopita sauti ilimkatikia kwenye nota hiyo mbele ya watu. Hakusema kitu, akakaa, na wimbo akauacha. Ukimwomba alikuwa anajibu kwamba ameusahau maneno.

Mwaka jana, siku tulipokuwa wawili tu, nilibonyeza kile kitufe mara tatu, nikapiga utangulizi wa wimbo wake kama ulivyokuwa zamani, vidole palepale. Kioo kidogo kilisoma -3. Alisimama mlangoni akasikiliza. Akaingia kwenye mstari wa kwanza, kwa sauti nzito kuliko niliyoizoea, na maneno yote yalikuwepo. Nota ya juu ilipokuja aliishika mapigo sita, na la saba akaliongeza mwenyewe. Akasema, "Leo koo limefunguka." Nami nikasema naam, mama, limefunguka. Sikugusa habari ya kitufe. Tukaendelea hivyo miezi kadhaa. Koo lilikuwa linafunguka kila tunapokutana, na mimi nikawa hodari wa kuficha kioo kwa karatasi za nota.

Mpaka jioni moja wote sita wamekuja. Maongezi yakanoga kati ya wimbo na wimbo, zaidi ya nusu saa, na piano ikajizima. Ikijizima inasahau kila kitu. Nikaiwasha, mtu akamwomba mama wimbo wake, nikaingia kwenye utangulizi bila kukumbuka. Kioo kilikuwa sifuri.

Aliimba mstari mmoja. Kisha akaninyooshea kiganja nisimame, mbele ya wote, wala hakuonekana kufadhaika.

"Hapana. Nirudishe kule chini unakoniwekaga siku zote."

Nikabonyeza mara tatu bila kuinua macho.

"Kimoja tena," akasema.

Sasa ni -4, na nimeiandika kwa penseli juu ya karatasi.